Damu Inayopatana na Damu Isiyopatana

Habari ya leo ni habari ya damu, nayo nimeiandika nikiwakumbuka hasa watu wa Kibaha na Kisarawe, ingawa hakuna mji wala kijiji cha nchi hii ambacho haikihusu. Kibaha, kama mjuavyo, imekaa juu ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Morogoro. Malori na mabasi hupita hapo mchana na usiku, na ajali itokeapo majeruhi hupelekwa Hospitali ya Tumbi. Kisarawe iko upande wa kusini, juu ya vilima vya Pugu, na nyuma yake viko vijiji vya mbali, Maneromango, Mzenga, Vikumburu na vinginevyo. Mama wa huko akipatwa na kutokwa damu wakati wa kujifungua, safari ya kufika hospitali ya wilaya si fupi, na masika njia huwa tope tupu.

Basi mahali hapa pawili, mmoja penye lami na mmoja penye vumbi, jamaa za wagonjwa huuliza swali lile lile. Wameketi kwenye benchi nje ya chumba cha maabara. Wameambiwa kwamba mgonjwa wao hana budi kuongezewa damu. Wameambiwa tena kwamba damu ipo, imo katika jokofu, tena ni ya kundi lake. Nusu saa inapita, pengine saa nzima, na mtaalamu wa maabara hajatoka. Ndipo mmoja wao, mara nyingi mjomba au kaka wa mgonjwa, anasimama na kugonga mlango, "Bwana Daktari, damu si ipo? Mbona haipewi mgonjwa wetu?"

Swali hilo ni la haki, wala sitaki mtu alicheke. Lakini jibu lake ni refu, maana lilianza zaidi ya miaka mia moja iliyopita, likapita Vienna, New York na Cambridge, likapita pia katika mishipa ya sungura, kabla ya kufika kwenye benchi lile. Hilo ndilo nitakalowasimulia.

Hapo zamani waganga wa Ulaya walijaribu mara nyingi kumpa mgonjwa damu ya mtu mwingine, na mara moja mgonjwa alipona, na mara nyingine alitetemeka, mkojo ukawa mweusi, akafa. Wala hapakuwa na mtu aliyejua sababu. Katika mwaka wa 1901 daktari mmoja wa Vienna, jina lake Karl Landsteiner, alitoa habari ya jambo aliloliona alipochanganya damu za watu waliokuwa wakifanya kazi pamoja naye. Ukiiacha damu katika kichupa itaganda, na juu yake yatabaki maji ya rangi ya manjano. Maji hayo ya damu alipoyachanganya na chembe nyekundu za mtu mwingine, mara nyingine chembe zilitulia, na mara nyingine zilishikamana mafungu mafungu kama maziwa yaliyokatika. Kwa njia hiyo akagundua makundi ya damu tunayoyaita A, B na O, na mwaka uliofuata wenzake wakaongeza kundi la nne, AB.

Sababu yake ni kwamba chembe nyekundu zina alama juu ya ngozi yake, na katika maji ya damu mna kingamwili, yaani askari wadogo wasioonekana hata kwa hadubini, ambao kazi yao ni kukamata kila chenye alama ngeni. Mtu wa kundi A ana askari wa kukamata B, na wa B ana askari wa kukamata A. Katika mwaka wa 1907 Daktari Reuben Ottenberg wa New York alianza desturi ya kuchanganya kwanza matone ya damu ya mtoaji na ya mpokeaji nje ya mwili, ili wapigane katika kichupa badala ya kupigana ndani ya mgonjwa. Desturi hiyo haijaachwa mpaka leo. Baadaye ikapatikana dawa ya kuizuia damu isigande, na katika mwaka wa 1937 Daktari Bernard Fantus wa Chicago akaanzisha ghala ya damu katika hospitali yake, akaiita benki, maana watu waliweka damu na kuitoa kama wafanyavyo kwa fedha.

Ikadhaniwa kwamba jambo limekwisha. Halikwisha.

Katika mwaka wa 1939 madaktari wawili wa New York, Philip Levine na Rufus Stetson, walieleza habari ya mwanamke mmoja aliyezaa mtoto mfu. Alikuwa ametokwa damu nyingi, akapewa damu ya mume wake. Mume alikuwa kundi O, naye mwanamke alikuwa kundi O. Kwa elimu ya siku zile hapakuwa na kosa lolote. Walakini yule mwanamke akapatwa na baridi na maumivu makali, na mkojo wake ukaonyesha kwamba damu aliyopewa inaharibika. Wakayachukua maji ya damu yake, wakayajaribu juu ya chembe za watu 104 wa kundi lililopatana naye, nazo chembe za watu 80 zikashikamana. Ilikuwapo basi alama nyingine, ambayo watu wengi wanayo na yule mama hakuwa nayo. Mtoto aliirithi kwa baba yake, na mama akatengeneza askari wa kuipinga alipokuwa na mimba. Mwaka uliofuata Landsteiner, aliyekuwa amehamia Marekani, na Alexander Wiener, wakaonyesha alama ambayo iliitwa Rh, kutokana na jina la nyani aitwaye rhesus ambaye damu yake ilitumiwa katika uchunguzi huo.

Hapa sharti nisimame kidogo, kwa sababu jambo hili linagusa nyumba zetu. Huku Pwani mwanamke akizaa mtoto wa kwanza mzima, kisha wa pili akazaliwa na macho ya manjano akafa, na wa tatu akafia tumboni, wazee watasema ana chango, au wataulizana ni nani mwenye jicho baya katika ukoo. Mume ataambiwa amwache. Sisemi kwamba kila msiba wa namna hiyo ni wa Rh. Watu wasio na alama hiyo ni wachache kwetu; Ulaya katika watu mia hupatikana kama kumi na watano, na Afrika Mashariki hawazidi sana watano. Malaria na kaswende zimeua watoto wengi zaidi tumboni. Lakini katika nyumba ambayo sababu ni hiyo, mama hana chango wala hana hatia, na mtu aliyemwacha mkewe kwa ajili hiyo alimwacha kwa sababu ya alama juu ya chembe zake yeye mwenyewe.

Sasa tufike kwenye fumbo. Katika miaka ya kwanza ya 1940 ilijulikana kwamba ugonjwa wa watoto wale watokana na askari wa mama wanaovuka kondo la nyuma na kuziharibu chembe za mtoto. Madaktari wakachukua damu ya mama wa namna hiyo, wakaichanganya na chembe zenye alama ya Rh, wakangoja chembe zishikamane. Mara nyingi hazikushikamana. Chembe zilitulia chini ya kichupa, safi kabisa, kana kwamba zinapatana. Mtoto amekufa, na kichupa kinasema hakuna neno! Katika mwaka wa 1944 Rob Race wa Uingereza na Wiener wa Marekani, kila mtu kwa upande wake, walionyesha kwamba askari hao walikuwapo, ila ni wa namna nyingine: hujishika juu ya chembe na kunyamaza. Njia yao ya kuwatambua ilikuwa ya kuzunguka, wala haikuwa nyepesi kwa kazi ya kila siku.

Kwa nini wananyamaza? Nitaeleza kwa mfano wa ngalawa. Chembe nyekundu zikiwa katika maji husukumana, kila moja hukaa mbali kidogo na mwenzake, kama ngalawa zilizotia nanga. Askari wa makundi ya A na B kwa kawaida ni wakubwa. Ni kama kamba ndefu yenye ncha nyingi, yaweza kufunga ngalawa hii na ile na ya tatu, hata zikawa fungu moja. Lakini askari wa Rh kwa kawaida ni kamba fupi. Hufungika katika ngalawa moja, na ncha yake ya pili haifiki kwenye ngalawa ya jirani. Hata zikifungwa kamba mia juu ya ngalawa moja, mtu aliyesimama pwani haoni tofauti yoyote, maana ngalawa zingali mbalimbali. Ndani ya mwili mambo ni mengine: bandama huzitambua zile kamba na kuzila chembe zilizofungwa nazo.

Mtu aliyelifumbua fumbo hili hakuwa daktari wa watu. Robin Coombs alizaliwa London mwaka 1921, akakulia Afrika Kusini, akasomea uganga wa wanyama huko Edinburgh, na kazi yake ya kwanza ilihusu ugonjwa wa farasi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alikwenda Cambridge kuendelea na elimu. Huko ndiko walikofanya kazi Race na Arthur Mourant, mtu wa kisiwa cha Jersey, maana maabara yao ya damu ilikuwa imehamishwa kutoka London kwa sababu ya vita. Coombs mwenyewe alisimulia baadaye kwamba wazo lilimjia usiku mmoja alipokuwa katika gari moshi akirudi Cambridge kutoka London. Taa za behewa zilikuwa hafifu kwa ajili ya vita, wala hakuweza kusoma. Basi alikaa akiwaza, akawaona moyoni wale askari wameshikamana na chembe. Akajiambia: hao askari ni kitu gani? Ni globulini, namna ya utomvu uliomo katika maji ya damu ya kila mtu. Basi tukipata kitu cha kukamata globulini, kitakamata zile kamba fupi na kuzifunga moja kwa nyingine, na ngalawa zitakusanyika.

Mara nyingi nimejiuliza, kama taa zingekuwa nzuri na Coombs akasoma gazeti lake, ingetuchukua miaka mingapi zaidi.

Kitu hicho alikipata kwa sungura. Sungura akidungwa globulini ya mtu, mwili wake huiona ngeni, ukatengeneza askari wa kuipinga. Baada ya majuma kadhaa damu ya sungura huchukuliwa, na maji yake ndiyo dawa. Lakini haitumiki hivi hivi, kwa kuwa damu ya sungura ina askari wengine pia wanaokamata chembe za watu zote, ziwe na kamba au zisiwe nazo. Kwa hiyo dawa huchanganywa kwanza na chembe za watu ili hao wengine waondoke, wabaki wale wa globulini peke yao. Katika mwezi wa Julai 1945, Coombs, Mourant na Race walitoa habari hiyo katika gazeti la madaktari la London liitwalo Lancet. Coombs alikuwa na umri wa miaka 24.

Haki idai jambo moja. Mwitaliano Carlo Moreschi alikuwa ameandika habari ya njia ya namna hiyo hiyo tangu mwaka wa 1908, akitumia damu za wanyama. Hakuna aliyeifuata, ikasahauliwa. Coombs alipoijua baadaye hakuificha, alikiri kwamba Moreschi alimtangulia. Hata hivyo kipimo kimebaki na jina la Coombs mpaka leo, ijapokuwa katika vitabu vya maabara huitwa kipimo cha antiglobulini.

Sasa na tuingie ndani ya chumba cha maabara, tufunge mlango, tuone kazi yenyewe. Mtaalamu huchukua maji ya damu ya mgonjwa na chembe za damu iliyo katika mfuko, akaziweka pamoja katika kichupa chembamba cha kioo. Hatua ya kwanza ni ya upesi: huzungusha kichupa katika mashine na kutazama. Kosa la A na B likiwapo, litaonekana hapo. Likiwa halipo, kichupa hutiwa mahali penye joto la mwili, yaani digrii 37, kwa muda wa nusu saa au zaidi, ili zile kamba fupi, kama zipo, zipate nafasi ya kujifunga. Viko vimiminiko vinavyoufupisha muda huo hata ukawa kama dakika 15, lakini si kila maabara inavyo.

Kisha huja kazi ambayo watu hawaithamini, yaani kuosha. Chembe huoshwa kwa maji ya chumvi mara tatu au nne, na kila mara maji humwagwa yote. Yapasa ziwe safi kabisa, kwa sababu maji ya damu ya mgonjwa yamejaa globulini nyingine zisizo na kazi hapa, kama kamba zinazoelea baharini. Zikibaki hata kidogo, dawa ya Coombs itazikamata hizo na kuishiwa nguvu kabla ya kuzifikia zilizofungwa kwenye ngalawa. Mtu mvivu wa kuosha atapata jibu zuri la uongo: chembe zitatulia, ataandika kwamba damu zinapatana.

Baada ya kuosha hutiwa matone ya dawa, kichupa huzungushwa, kisha hutikiswa polepole mbele ya taa. Chembe zikiinuka kama moshi mwekundu laini, hazikushikamana. Zikiinuka vipande vipande, mfuko ule haumfai mgonjwa yule, hata kama makundi yao ni mamoja.

Na je, zisiposhikamana, mtaalamu ataamini? Asiamini bado. Huongeza tone la chembe nyingine ambazo zimefungwa kamba makusudi. Hizo hazina budi kushikamana. Zikishikamana, ajua kwamba dawa ilikuwamo na ilikuwa na nguvu, na jibu la kwanza ni la kweli. Zisiposhikamana, kazi yote ni bure, naye huanza tena kutoka mwanzo. Yule mjomba aliyeko nje ya mlango hajui kwamba pengine kazi imekwisha kufanywa mara mbili.

Njia hiyo niliyoieleza ni ile ya kutafuta askari waliomo katika maji ya damu. Iko ya pili iliyo fupi zaidi: chembe za mgonjwa mwenyewe huoshwa na kutiwa dawa mara moja, kujua kama tayari zimefungwa kamba ndani ya mwili. Katika mwaka wa 1946 Coombs na wenzake waliifanya kwa watoto wachanga wenye ugonjwa wa manjano ule, wakaona wazi kamba za mama juu ya chembe za mtoto. Jambo ambalo lilibishaniwa kwa miaka likaonekana kwa macho katika dakika chache.

Tangu hapo mlango ulifunguka. Mwaka ule ule wa 1946 ikapatikana alama nyingine, ikaitwa Kell. Mwaka wa 1950 ikapatikana ya Duffy, kwa mgonjwa mmoja wa London aliyekuwa ameongezewa damu mara nyingi. Baadaye iligunduliwa kwamba watu wengi wenye asili ya Afrika hawana alama ya Duffy juu ya chembe zao, na katika miaka ya 1970 wataalamu walieleza kwamba namna moja ya malaria, iitwayo vivax, huitumia alama hiyo kama mlango wa kuingilia ndani ya chembe. Asiye na mlango haingiliwi kwa urahisi. Ndiyo sababu malaria ya kwetu kwa kawaida ni ya namna nyingine, nayo kwa bahati mbaya ndiyo kali zaidi.

Afrika Mashariki haikukaa pembeni katika habari hizi. Kijana mmoja aliyekulia Kenya, Anthony Allison, alikusanya damu za makabila ya huku katika mwaka wa 1949, alipofuatana na msafara wa wanachuo wa Oxford uliokwenda Mlima Kenya, na mwaka wa 1952 yeye na Mourant, yule yule wa Cambridge, pamoja na wenzao, wakatoa habari za makundi ya damu ya makabila kadhaa ya Afrika Mashariki. Katika safari hizo Allison aliona kwamba chembe za umbo la mundu, ambazo siku hizi twaziita selimundu, zilikuwa nyingi kwa watu wa Pwani na wa kandokando ya Ziwa Victoria, na chache kwa watu wa nchi za juu zenye baridi. Katika mwaka wa 1954 akaonyesha kwamba mtu aliyerithi selimundu kwa mzazi mmoja tu ana kinga dhidi ya malaria. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili ndiye mgonjwa. Mtaona baada ya kitambo kwa nini nimewataja.

Sasa turudi nyumbani. Tumbi si hospitali iliyoanza kwa ukubwa. Katika mwaka wa 1963 serikali ya Tanganyika ilipatana na nchi za Denmark, Finland, Norway na Sweden kujenga Kibaha mahali pa elimu, kilimo na afya. Mwaka 1970 kazi hiyo ilikabidhiwa kwa Tanzania, ikawa Shirika la Elimu Kibaha, na kituo cha afya cha Tumbi kikakua hata kikawa hospitali ya rufaa ya Mkoa wa Pwani. Kwa miaka mingi mgonjwa aliyehitaji damu, Tumbi, Kisarawe au penginepo, aliwategemea jamaa zake: kaka alikuja, akapimwa, akatoa. Katika mwaka wa 2004 serikali ilianzisha Mpango wa Taifa wa Damu Salama, ili damu itolewe na watu wa hiari kabla ya msiba kutokea. Damu ya kanda hii hukusanywa na kupimwa Dar es Salaam, kutafuta virusi vya UKIMWI, homa ya ini ya namna mbili, na kaswende, ndipo ipelekwe kwenye hospitali.

Wengi hudhani kwamba damu ikishapimwa Dar es Salaam imekuwa salama kwa kila mtu. Hapo ndipo penye kosa. Dar es Salaam huweza kusema kwamba damu hii haina ugonjwa. Haiwezi kusema kwamba inapatana na Mama fulani aliyelala Kisarawe, kwa sababu damu ya Mama huyo haikufika Dar es Salaam. Neno la kupatana husemwa pale pale mgonjwa alipo, na kwa hiyo kipimo cha Coombs ni kazi ya hospitali ndogo kama ilivyo kazi ya hospitali kubwa.

Nami sitaficha ukweli: katika hospitali nyingi za Afrika hatua hii ndiyo huachwa. Huchanganywa matone, huzungushwa mara moja, hutazamwa, basi. Dawa ya Coombs hutaka ubaridi wa jokofu lisilozimika, mashine hutaka umeme, kuosha kwataka mikono iliyofundishwa na isiyoharakishwa. Tena, aiachaye hatua hii haoni adhabu upesi. Wagonjwa wengi hawana zile kamba fupi, nao hupona, na mazoea ya kuiacha hukua. Madhara nayo si lazima yatokee kitandani wakati damu inapoingia. Mara nyingi huja baada ya siku kadhaa, macho yakiwa manjano na damu ikipungua tena, wakati mgonjwa amekwisha rudi kijijini, na huko ataambiwa ni homa.

Walio katika hatari ni watu gani? Kijana mwanamume wa Mlandizi ambaye hajapata kuongezewa damu maishani, kwake hatari ni ndogo, maana hajakutana na alama ngeni. Lakini mama aliyezaa mara sita amekutana na alama za waume na watoto. Na mtoto wa selimundu, ambaye katika mwaka mmoja huenda akapewa damu mara kadhaa, hukutana na watu wapya kila mfuko unapotundikwa. Hukisiwa kwamba Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wa selimundu kila mwaka, tena nchi yetu ya Pwani ni miongoni mwa zile alizoziona Allison. Kwa mtoto wa namna hiyo kuacha kipimo cha Coombs si kuokoa wakati. Ni kumhatarisha kwa mfuko usiomfaa, kwani kila askari mpya humfungia mlango mmoja.

Kwa ajili ya mama asiye na alama ya Rh, dawa ya kuzuia imekuwapo tangu mwaka wa 1968. Akidungwa kwa wakati, hasa katika muda wa saa 72 baada ya kuzaa mtoto mwenye alama hiyo, mwili wake hautengenezi askari. Kipimo cha Coombs ndicho huonyesha kama bado hajawatengeneza, maana wakishakuwapo dawa haina faida. Bei yake ni kubwa kwa mtu wa kijijini, na mtoto wa kwanza huwa mzima, kwa hiyo wengi hawaulizi. Mama mja mzito anayepimwa kliniki na aulize kundi lake na neno linalofuata herufi, kama ni chanya au hasi, aliandike katika kadi yake. Halimgharimu kitu.

Naam, iko saa ambayo kungoja kwenyewe ni kosa. Majeruhi wa barabarani aliyemwaga damu mpaka mapigo ya moyo hayapatikani, daktari atampa damu ya kundi O bila kungoja, na atafanya vema, kwa kuwa kifo cha kukosa damu ni hakika na hatari ya kamba fupi ni ya labda. Daktari hutia sahihi yake kwa neno hilo, na maabara huendelea kupima nyuma yake, ili mfuko wa pili au wa tatu uwe umethibitishwa. Asiyekuwa katika hali hiyo, kama yule mama anayefanyiwa upasuaji kesho asubuhi au mtoto aliyepungukiwa damu na angali anazungumza, ana nusu saa, na nusu saa hiyo ni mali yake.

Siku hizi si sungura peke yake atoaye dawa. Tangu Köhler na Milstein wagundue njia mpya Cambridge mwaka 1975, askari hutengenezwa pia kwa chembe zinazofugwa katika vyombo. Viko tena vikadi vyenye utomvu mzito, vilivyobuniwa na Mfaransa Yves Lapierre katika miaka ya 1980, ambavyo havihitaji kuosha: chembe zilizoshikamana hunaswa juu, zisizoshikamana huzama chini, na hata mwanafunzi huweza kusoma jibu. Bei ya vikadi bado ni ya juu, na vichupa vya kioo havijaondoka mezani. Coombs aliishi kuviona vyote viwili. Alifariki mwaka 2006.

Basi yule mjomba angali amesimama mlangoni. Ndani, mtaalamu ametikisa kichupa cha mwisho mbele ya taa, chembe zimeinuka kama moshi. Ametia tone la chembe zile za kuhakikisha, nazo zimeshikamana kama ipasavyo. Anaandika namba ya mfuko katika daftari, na jina la mgonjwa kando yake, na saa. Anafunga kikaratasi shingoni mwa mfuko, kisha anafungua mlango.